Mchungaji mwenye uzamili anataka kusomea uzamivu wa theolojia: aanzie wapi, na njia ikoje baada ya kupokelewa?

Mwana wa Marangu aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Nina shahada ya uzamili ya theolojia, na kazi yangu kwa sasa imegawanyika kati ya usharika na chuo cha Biblia ambako ninafundisha historia ya Kanisa. Uongozi wa dayosisi umeniambia kwamba hautanizuia nikipata nafasi ya kusomea uzamivu, ingawa umesema wazi kwamba hauna fedha za masomo, isipokuwa nusu ya mshahara wangu kwa muda nitakaokuwa masomoni. Nina mke na watoto watatu, na mkubwa anaingia kidato cha kwanza mwakani.

Ninataka kuchunguza jinsi ukoo, ujirani na rika vilivyoingia katika uendeshaji wa sharika za mlimani. Wanaoifahamu historia hiyo watamkumbuka Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani aliyefanya kazi huku kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, na aliyeamini kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo ambavyo Wachaga walikuwa navyo tayari. Ningependa kujua ni nini kimebaki cha wazo lake na ni nini wazee wa kanisa wenyewe walikibadilisha.

Naomba msaada wenu katika mambo haya. Je, niombe Ph.D., yaani uzamivu wa utafiti, au D.Min., yaani udaktari wa huduma, maana seminari nyingi za Marekani zinatangaza zote mbili? Je, kuna hasara kusomea hapa Afrika badala ya kwenda ng'ambo? Barua ya kwanza kwa profesa ambaye hanijui huandikwaje? Na mtu akishapokelewa, hatua zinazofuata ni zipi, na ni wapi hasa watu hukwama?

Mwalimu wa Karen alijibu:

Amina, Mchungaji. Ninafundisha theolojia jijini Nairobi na nimekaa katika kamati za udahili kwa muda wa kutosha kukuambia kwamba maswali yako ni mazuri, ila umeyaanza kutoka mwisho. Chuo gani na nchi gani ni mambo yanayofuata swali la utafiti, kwa kuwa swali ndilo litakaloonyesha ni nani duniani anayeweza kukusimamia, na nyaraka unazozihitaji ziko wapi.

Sasa tulitazame swali lako. Gutmann ameandikwa sana, na Wajerumani wenyewe wamemchambua kwa miongo mingi. Nikipokea pendekezo linalosema “mchango wa Gutmann katika Kanisa la Kilimanjaro,” nitaliweka pembeni, hata kama limeandikwa kwa ufasaha, kwa sababu sioni ni kitu gani kipya nitakachokisoma baada ya miaka mitano. Lakini sentensi yako ya mwisho, kuhusu yale ambayo wazee wenyewe waliyabadilisha, hiyo ina uzito. Ifuate. Gutmann aliondoka mwaka 1938. Mwaka uliofuata vita vilianza na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Sharika zikabaki mikononi mwa wachungaji, wainjilisti na wazee wenyeji, wakisaidiwa na Walutheri wa Kimarekani wa sinodi ya Augustana. Kisha mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na Askofu Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Una kipindi cha miaka 25 chenye mwanzo na mwisho unaoeleweka, ambamo wenyeji ndio waliolazimika kuamua ni lipi katika urithi wa Gutmann liendelee na lipi liachwe. Chagua sharika mbili au tatu, tafuta kumbukumbu za vikao vya wazee na madaftari ya nidhamu ya kanisa yanayoonyesha nani alitengwa, kwa kosa gani, na nani alimwombea arudishwe kundini. Ukiona kwamba ndugu wa ukoo au majirani ndio waliomdhamini mwenye kosa mbele ya baraza, tayari una hoja ya kutetea.

Utaona pia kwamba swali lililobanwa hivi linajibu mambo mengine yenyewe. Gutmann aliandika kwa Kijerumani, na nyaraka za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa mjini Halle, Ujerumani, katika taasisi ya Franckesche Stiftungen. Kwa hiyo Kijerumani kwako hakitakuwa sharti la kutimiza ili upite, kitakuwa chombo cha kazi, na ni vizuri ukianza kujifunza mwaka huu, kabla hujatuma ombi lolote. Nyaraka za upande wa Augustana utazitafuta Marekani, katika hifadhi ya ELCA, Kanisa la Kilutheri la Marekani, iliyoko Elk Grove Village, jimbo la Illinois.

Kuhusu msimamizi, usiandike kwa profesa ambaye hujasoma walau kitabu chake kimoja na makala zake mbili. Barua isizidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ieleze wewe ni nani na unafundisha nini. Ya pili iseme swali lako na nyaraka ulizozifikia tayari, na ukitaja kwamba umekwisha kuona madaftari ya usharika fulani kwa ruhusa ya baraza la wazee, atakusoma kwa makini zaidi. Ya tatu ioneshe ni wapi swali lako linagusana na kazi yake, au linapingana nayo. Kisha uliza mambo mawili tu: kama anapokea wanafunzi wapya, na kama anatarajia kubaki chuoni kwa miaka mitano ijayo. Hilo la pili watu huona haya kuliuliza, lakini msimamizi anayestaafu ukiwa katikati ya tasnifu atakuacha mikononi mwa mtu ambaye hakukuchagua. Salamu ndefu za kiroho zisubiri barua ya pili.

Kuhusu Afrika na ng'ambo, nitasema kama mtu mwenye upande. Mwanateolojia Byang Kato wa Nigeria alipomaliza udaktari wake Dallas, Marekani, mwaka 1973, alirudi akisisitiza kwamba bara hili liwe na shule zake za theolojia za ngazi ya juu. Yeye alifariki mwaka 1975, lakini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ilipata shule ya wazungumzaji wa Kifaransa mwaka 1977, na Nairobi ikapata shule ya uzamili ya theolojia ya NEGST mwaka 1983, ambayo leo ni Africa International University. Ndugu wa Kongo na Burundi wanaosoma hapa waizingatie hiyo ya Bangui. Mtu anayesomea Afrika hubaki karibu na nyaraka zake, familia yake na watu watakaosoma kazi yake. Anachokosa mara nyingi ni maktaba kubwa na muda mtupu, kwa sababu atatakiwa kufundisha, kuhubiri na kuhudhuria misiba kama kawaida, na hapo ndipo miaka minne inapokuwa minane.

Vilevile soma kanuni za nchi unakokwenda. Hapa Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 inamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu. Wengi huligundua sharti hilo tasnifu ikiwa imekwisha, kisha wanasubiri majarida mwaka mzima wakiwa na joho mkononi. Kwako wewe, Mchungaji, sura moja ya nidhamu ya kanisa katika usharika mmoja inaweza kuwa makala ya kwanza mapema kabisa.

Na kama huwezi kuhama, zipo njia za utafiti mtupu bila kozi: vyuo vikuu vya UNISA na Stellenbosch vya Afrika Kusini, na South African Theological Seminary inayofundisha kwa masafa. Njia hizo zinamfaa mtu aliyekwisha kuandika utafiti mrefu na anayeweza kukaa mezani bila kusukumwa. Jipime kwa ukali kabla ya kuzichagua.

Mtafiti wa Ng'ambo alijibu:

Namshukuru Mwalimu kwa maelezo yake. Mimi niko katika hatua ya tasnifu kwenye seminari moja ya Marekani, kwa hiyo nitajazia upande huo.

Ombi la Ph.D. katika seminari za huku huwa na taarifa za matokeo ya masomo yote ya chuo, barua tatu za mapendekezo, maelezo ya nia ya kusoma, sampuli ya maandishi ya kitaaluma yenye kurasa kama ishirini hivi, na cheti cha mtihani wa Kiingereza kwa wale wanaotakiwa kuwa nacho. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na katikati ya Januari kwa ajili ya masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Barua za mapendekezo zinatoka kwa walimu waliosoma maandishi yako. Askofu anaweza kuandika moja kama seminari inaomba ushahidi wa huduma, lakini barua tatu za maaskofu zinazosema kwamba mwombaji ni mcha Mungu na mwaminifu haziielezi kamati kama anaweza kujenga hoja. Sampuli ya maandishi ndiyo inayosomwa kwa makini kuliko vyote, kwa hiyo chukua sura bora ya tasnifu yako ya uzamili, uiandike upya ukilenga swali jipya, na umpe mtu anayekuchambua bila huruma.

Fedha zinahitaji kuzungumzwa waziwazi. Zipo seminari chache zenye akiba kubwa, ambazo humlipia ada mwanafunzi wa Ph.D. na kumpa posho ya kuishi kwa miaka kadhaa, na zipo nyingi ambazo hutoa punguzo la ada tu, kisha zikakuachia nyumba, bima ya afya na chakula. Barua ya kupokelewa isiyo na ufadhili isikufurahishe kupita kiasi. Ili chuo kikupe fomu ya I-20, ambayo bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi ya F-1, lazima uoneshe fedha za kutosha kwa mwaka wa kwanza, pamoja na za kila mwanafamilia utakayemleta. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, mbali na ada ya viza yenyewe. Mwenzi anayekuja kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na wewe mwenyewe wakati wa muhula unaruhusiwa saa 20 kwa juma ndani ya chuo. Hesabu hizo zifanyike mezani pamoja na mama watoto kabla ya kujaza fomu hata moja. Masharti ya viza kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika, na Burundi ilijikuta katika orodha ya vizuizi ya Juni 2025, kwa hiyo soma matangazo ya ubalozi wenyewe kabla ya kulipa chochote.

Kwa upande wa wafadhili, Langham Partnership, iliyotokana na kazi ya John Stott, huwasaidia wanateolojia wa kiinjili kutoka nchi zetu wanaokusudia kurudi kufundisha. Walutheri waulizie pia kupitia makanisa rafiki na misheni ambazo dayosisi ina uhusiano nazo, kwa kuwa fedha hizo nyingi hupita kwa uongozi wa Kanisa na mtu binafsi hazimfikii akiomba peke yake.

Baada ya kupokelewa, miaka miwili ya mwanzo kwa kawaida ni kozi za semina. Kila muhula unasoma vitabu vingi, unaandika insha ndefu, na unajifunza kuzungumza mezani ambako kila mtu anaonekana amesoma zaidi yako. Katikati yake unafanya mitihani ya lugha za utafiti, ambazo mara nyingi ni Kijerumani na Kifaransa, ingawa seminari nyingi hukuruhusu kuweka lugha inayoihusu tasnifu yako. Uliza kama Kichaga au Kiswahili kinaweza kukubaliwa, kwa kuwa madaftari yako hayakuandikwa kwa Kifaransa. Wanaosomea Biblia wanadaiwa Kiebrania na Kiyunani kabla hata ya hayo. Kisha inakuja mitihani ya umahiri, ambayo kila idara ina namna yake: maswali ya kuandika kwa siku kadhaa, halafu mahojiano ya mdomo mbele ya wahadhiri. Baada ya hapo unatetea pendekezo la utafiti, na ndipo unakuwa mtahiniwa kamili.

Sasa kuhusu swali lako la wapi watu hukwama. Hukwama hapo hapo, baada ya mitihani. Kozi zina tarehe, mitihani ina tarehe, lakini tasnifu haina mtu anayekudai Ijumaa. Posho nayo huwa imekaribia kuisha, watoto wamezoea shule, usharika wa Waafrika mjini umekuomba uwachunge, na profesa wako anachukua majuma sita kusoma sura moja. Nimeona wenye akili nyingi kuliko mimi wakipotelea katika kipindi hicho. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ratiba iliyoandikwa na kusainiwa na msimamizi, yenye tarehe ya kila sura na muda atakaochukua kuisoma. Wapo maprofesa wasiopenda kufungwa hivyo, lakini ukiomba kwa heshima mapema, wengi hukubali.

Sauti ya Usharika alijibu:

Mchungaji, mimi ni mchungaji mwenzako, mwanamke, na nilisomea D.Min. nikiwa kazini, nikisafiri kwenda darasani kwa vipindi vifupi. Niliichagua kwa sababu nilitaka kuifanyia kazi huduma ya ushauri katika sharika za mjini, na sikuwa na nia ya kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Ni shahada ya kitaalamu kwa watumishi wenye uzoefu. Seminari nyingi zinadai M.Div. au shahada inayolingana nayo, pamoja na miaka kama mitatu ya huduma, na mwisho wake ni mradi unaotoka katika huduma yako mwenyewe. Inadai kazi nyingi, na sikubaliani na wale wanaoiita udaktari wa njia ya mkato.

Lakini kwa maelezo yako, haikufai. Wewe unafundisha, unataka nyaraka za miaka ya arobaini, na huenda kesho utaombwa kufundisha chuo kikuu, ambako kupanda ngazi kwa kawaida kunadai Ph.D. Kabla ya kulipa ada kwa shule yoyote ya nje, angalia ithibati yake, kisha wasiliana na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kuhusu utambuzi wa tuzo za nje. Usitegemee kauli ya ofisi ya udahili ya chuo kinachotafuta wanafunzi. Kwa seminari za Marekani na Kanada, chombo cha ithibati cha kutazama ni ATS, umoja wa shule za theolojia. Kwa shule za Kikristo za Afrika kuna ACTEA, ambayo hata hivyo haichukui nafasi ya mamlaka ya serikali ya nchi husika. Ziko shule zinazotoa “udaktari” kwa miezi kadhaa na picha yenye joho jekundu, na wachungaji wetu wengi wanazo fremu hizo ukutani. Sitazitaja.

Jambo jingine, kama unataka kubaki kazini na bado upate Ph.D., soma kuhusu Oxford Centre for Mission Studies. Mfumo wao uliwalenga tangu mwanzo watu wanaofanya utafiti katika nchi zao na kwenda Oxford kwa vipindi, na shahada imekuwa ikitolewa na Middlesex University. Kiingereza cha kuandika kinatakiwa kiwe cha juu, na ada yake si ndogo.

Mwana wa Marangu aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mwalimu, na ninyi nyote. Wazo la 1938 hadi 1963 limenifungua macho, na nimeanza kuwauliza wazee wawili kuhusu madaftari. Limenizulia shida ambayo sikuitarajia. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kwamba katika daftari hilo kuna jina la babu wa mwenyekiti wa sasa wa baraza, aliyetengwa kwa kuoa mke wa pili. Mimi ni mchungaji wao. Je, nikiwa mtafiti ninaweza kuyasoma mambo ambayo kama mchungaji ningeyafunika? Na je, mpango wa nusu mshahara unatosha kwa maneno, au niuombe kwa maandishi?

Mwalimu wa Karen alijibu:

Umefika mahali penyewe, Mchungaji, na mapema kuliko wengi. Kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chochote cha maana itakuuliza swali hilo hilo, kwa sababu una mamlaka juu ya watu unaotaka kuwahoji, na mshirika anayeulizwa na mchungaji wake huona vigumu kukataa. Njia ya kwanza ni kutofanya utafiti katika usharika unaouchunga. Chukua sharika za jimbo jingine, ambako wewe ni mgeni mwenye barua ya askofu. Ya pili ni kuomba ruhusa ya maandishi kwa baraza la wazee kwa kila daftari, ikieleza kwamba majina yatabadilishwa, ni nani atakayeona picha za kurasa, na zitahifadhiwa wapi. Kuficha majina pekee hakutoshi katika kijiji ambako kila mtu anajua ni nani alioa mke wa pili mwaka 1947, kwa hiyo mara nyingine itakubidi uache jina la usharika pia, au useme habari kwa jumla. Tasnifu yako haitapungukiwa, kwa kuwa unachochunguza ni namna baraza lilivyoamua.

Watakaohojiwa wapewe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, na asiyetaka kusaini arekodiwe akiridhia kwa mdomo, kama kamati itaruhusu. Wazee wengi wanaogopa kusaini karatasi kuliko wanavyoogopa kusema. Chuo kikiwa nje ya Tanzania, waulize pia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kama unahitaji kibali, na ufanye hivyo mapema. Ukija kutafiti Kenya, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia ya Kenya, ni lazima kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2013.

Kuhusu mshahara, uombe kwa maandishi bila kuona haya. Uongozi wa dayosisi hubadilika kwa uchaguzi, na askofu mpya hana wajibu wa kukumbuka mazungumzo ya ofisini. Barua iseme nusu ya mshahara italipwa hadi lini, michango yako ya hifadhi ya jamii itaendelea kulipwa na nani, nyumba ya usharika familia itaikaa kwa muda gani, na ukirudi utapangiwa wapi. Wafadhili wengi wataiomba barua hiyo hiyo, maana wanataka kuona kwamba kuna chuo au Kanisa linalokungoja. Mpelekee katibu mkuu rasimu uliyoiandika wewe mwenyewe, arekebishe na kugonga mhuri. Ukimwachia aianze, utaisubiri hadi Pasaka.

Mtafiti wa Ng'ambo aliongeza:

Kwa hayo ya Mwalimu naongeza dogo. Ukishapata ruhusa ya baraza, piga picha kurasa za daftari moja kabla ya kutuma maombi, na utaje katika maelezo ya nia yako idadi ya kurasa na miaka inayohusika. Wasimamizi wa huku hupokea mapendekezo mengi yenye mada nzuri yasiyo na nyaraka. Na kwa Kijerumani, anza na maandishi ya Gutmann yenyewe mapema, aya moja kwa siku na kamusi, hata kama mwalimu wa lugha atakuambia hujafika kiwango hicho. Sentensi zake ni ndefu na Kijerumani chake ni cha zamani, ila majina ya mahali na ya koo utayatambua, na hayo yatakuvusha kurasa za mwanzo.